Muulize Fundi wa Picha: Kabla hujalaumu jua, tazama maji yako

Barua tano nilizochagua mwezi huu zimetoka pande tofauti, lakini nilipozipanga mezani niliona nyingi kati yake zinaulizia kitu kimoja: maji. Sikushangaa. Niliingia kwenye kazi hii mwaka 1974, nina miaka 13, katika studio ya mjomba wangu hapa Ngamiani, Tanga, na nilichokabidhiwa siku ya kwanza hakikuwa kamera. Nilikabidhiwa ndoo. Nilikuwa nateka maji kisimani tangu alfajiri, najaza pipa, halafu mchana kutwa nageuza picha ndani ya karo, moja moja, zisigandane. Wateja walipita dirishani wakiuliza, "Zangu zimeshasafishwa?" Ndivyo tunavyosema kwa Kiswahili, kusafisha picha, na mimi niliyekuwa nimelowa mpaka viwikoni nilijua neno hilo limekaa mahali pake.

Shikamoo Fundi. Mimi ni mwalimu wa sanaa, Kilifi. Nimefanya picha za bluu na wanafunzi wangu kwa kupanga majani ya mwarobaini juu ya karatasi na kuyaanika juani. Tukiziosha, bluu inapendeza sana. Huwa tunaziacha ndani ya beseni usiku kucha ili zitakate, na asubuhi tunakuta zimepauka, nyingine zina manjano. Je, nimeuziwa dawa mbovu?

Marahaba, mwalimu, na hongera kwa kuwatoa watoto darasani. Dawa yako ni nzima. Kinachokula picha zako ni maji ya kisima, nawe umeyapa usiku mzima wa kuzila.

Nianze na dawa yenyewe kwa faida ya wengine. Picha ya bluu, sianotaipi, hutengenezwa kwa chumvi mbili za chuma: feriki amonia sitrati, ile ya kijani, na potasiamu ferisianidi, ambayo ni chembe nyekundu zinazometa. Mimi hupima gramu 25 za ile ya kwanza katika mililita 100 za maji, na gramu 10 za ile ya pili katika mililita 100 nyingine. Kila moja inakaa kwenye chupa yake ya rangi ya kahawia, na huchanganya sawa kwa sawa kiasi cha siku hiyo tu. Ukipaka, karatasi inakuwa ya manjano yenye ukijani. Mionzi ya urujuanimno iliyomo kwenye jua hukibadilisha chuma kile, nacho kikikutana na dawa ya pili huzaliwa bluu ya Prussia, bluu isiyoyeyuka majini. Pale jani lilipolala jua halikufika, kwa hiyo dawa ya hapo hubaki ikiyeyuka na huondoka na maji.

Aliyeigundua njia hii ni John Herschel, mwanafalaki wa Uingereza, mwaka 1842. Miaka minne tu kabla ya hapo alikuwa bado huku Afrika, kwenye Rasi ya Tumaini Jema, alikokaa tangu 1834 hadi 1838 akichunguza nyota za kusini. Baadaye wahandisi waliichukua njia hiyo kunakilia ramani za majumba. Wasomaji wa umri wangu watazikumbuka: karatasi ya bluu, mistari myeupe.

Sasa adui. Bluu ya Prussia haivumilii magadi, wala kitu chochote chenye tabia ya magadi: chokaa, majivu, sabuni ya unga. Pwani yetu imekaa juu ya mawe ya matumbawe, na matumbawe ni chokaa. Maji yakipita humo hubeba chokaa, hata yakiwa matamu mdomoni. Tazama birika lako la chai. Ikiwa ndani limeota ukoko mweupe, na ikiwa sabuni ya kipande haitoi povu mpaka uisugue sana, maji hayo ni mazuri kwa kiu lakini si rafiki wa picha ya bluu.

Usinikubalie kwa maneno matupu. Chukua picha moja uliyokwisha kuikatia tamaa, ikate vipande vitatu. Kimoja kitie kwenye bilauri ya maji ya kisima, cha pili kwenye maji ya mvua, cha tatu kwenye maji ya kisima yenye kijiko kimoja cha siki. Viache mpaka asubuhi, vianike, viweke kando kwa kando. Na ukitaka watoto walione jambo lenyewe likitokea, koroga nusu kijiko cha magadi katika kikombe cha maji, kisha dondosha tone moja juu ya bluu. Nimelifanya hili mara nyingi na kila mara huinama kulitazama. Tone linatulia. Ukingo wake unageuka zambarau hafifu, kama ua la bilinganya. Halafu katikati bluu inaondoka taratibu na kuacha doa la manjano ya kutu. Nayo ni kutu kweli, maana picha yote ni chuma.

Fanya hivi basi. Maji ya kwanza ya kuoshea yatie siki nyeupe, vijiko viwili vya chakula kwa lita. Ukikosa siki, tumia asidi ya ndimu, ile ya chembe nyeupe wanayotia kwenye sharubati, kijiko kimoja cha chai kwa lita. Tikisa beseni taratibu kwa dakika tano. Kisha badilisha maji mara tatu au nne; robo saa kwa jumla inatosha. Dalili ya kwamba umemaliza iko kwenye weupe. Tazama mahali jani lilipolala: manjano yakishaisha na maji yakimwagika safi, toa picha uianike kivulini. Mbaazi ndizo zinazolazwa majini, picha hailazwi. Na usiihukumu siku hiyo hiyo, kwa sababu bluu hukomaa kwa hewa na itazidi kukolea hadi kesho yake.

Jambo la pili ni karatasi. Karatasi nyingi za ofisini siku hizi zimetiwa chokaa kiwandani ili ziwe nyeupe, kwa hiyo adui anaweza kuwa ndani tayari hata ukiosha kwa maji ya mvua. Nunua karatasi nzito ya kuchorea rangi za maji, na kabla ya kuipaka dawa iloweke katika siki iliyozimuliwa kwa maji. Ukiona vipovu vidogo vinapanda, ujue chokaa inatoka. Subiri viishe, suuza, anika.

Na kwa kuwa uko Kilifi, nakuomba uwapeleke watoto ufukweni maji yakitoka. Mwaka 1843, mwaka mmoja tu baada ya ugunduzi wa Herschel, mwanamke wa Uingereza aitwaye Anna Atkins alianza kutoa kitabu cha mwani wa kwao chenye picha za bluu, kila mwani umelazwa juu ya karatasi na kuchapwa na jua. Ndicho kitabu cha kwanza duniani kuwa na picha za aina hii, na alikiendeleza kwa miaka kumi. Mwani wetu hautofautiani na wake kwa uzuri. Suuzeni chumvi, ulazeni ungali mbichi juu ya plastiki nyembamba angavu ili usilowanishe karatasi, na mtapata mpaka vile vinyweleo ambavyo jicho haliviangalii.

Habari Fundi. Picha zangu zote ziko kwenye simu. Nawezaje kuzipata kwa bluu bila filamu? Morogoro.

Nzuri, mwanangu. Unahitaji negativu yenye ukubwa ule ule wa picha unayoitaka, kwa sababu hapa hakuna mashine ya kukuzia. Negativu na karatasi vinalala pamoja chini ya kioo, vimebanwa na ubao kwa nyuma, na hivyo ndivyo vinavyoanikwa. Geuza picha iwe nyeusi na nyeupe humo humo kwenye simu, kisha ibadili ili cheupe kiwe cheusi. Nenda steshenari wakuchapie kwenye plastiki angavu iliyotengenezwa kwa ajili ya printa. Usikubali wakuchapie kwenye zile za kufunikia ripoti, zinaweza kuyeyuka ndani ya mashine.

Wasipokuwa nayo, chapisha kwenye karatasi ya kawaida, igeuze, paka mafuta ya nazi nyuma kwa pamba mpaka iwe kama karatasi ya maandazi, ifute vizuri na uilaze kati ya magazeti usiku mmoja. Wazee wa kazi hii walifanya hivyo hivyo kwa nta. Kwa plastiki, jua la saa sita mchana kwangu huchukua dakika tano hadi kumi. Karatasi ya mafuta mara mbili au tatu ya hapo. Toa pale rangi inapopita bluu na kuanza kuwa ya kijivu yenye mng'ao wa shaba. Wengi hutoa mapema kwa kuogopa, halafu picha yote inaondoka na maji.

Fundi, mwanangu wa miaka 15 ameleta nyumbani hizo dawa za picha. Nimesoma kwenye kopo neno linalofanana na sianidi. Nimtoe nje nazo? Mama wa Nakuru.

Hofu yako ni ya haki, mama. Potasiamu ferisianidi si ile sianidi unayoijua, kwa sababu sianidi yake imefungwa na chuma kwa nguvu. Lakini isichemshwe, isichomwe moto, na isikutanishwe na asidi kali kama ya betri au ya kusafishia choo, kwani hapo hutoa hewa inayoua. Siki iliyozimuliwa majini haina shida hiyo. Avae glovu, atumie vyombo visivyorudi jikoni, na chupa zikae juu, wadogo zake wasizifikie.

Akikwambia anataka kuhamia kwenye njia za daikromati, zile za gundi na rangi, mkatalie. Hiyo ni sumu inayosababisha saratani, na mimi mwenyewe niliiacha.

Shikamoo Fundi. Nimejaribu picha za chumvi, Temeke. Nitrati ya fedha niliyoinunua kwa bei kubwa iligeuka kama maziwa mara tu nilipoiyeyusha. Nikaichuja, nikaendelea. Picha zikatoka, lakini baada ya wiki tatu zina madoa ya manjano. Nimekosea wapi?

Marahaba. Umekosea mara mbili, na mara zote mbili ni kwenye maji.

Uliyeyusha fedha kwa maji ya bomba. Maji ya bomba yana kloridi, iwe ya dawa ya kuulia vijidudu au ya chumvi ya ardhini, na fedha ikiiona kloridi haingoji. Wingu jeupe ulilolichuja ndiyo fedha yenyewe. Hela yako ilibaki kwenye kitambaa. Fedha huyeyushwa kwa maji yaliyokenekwa. Kwenye vituo vya mafuta huuzwa kama maji ya betri, na tafadhali soma chupa mara mbili, kwani asidi ya betri hukaa rafu ile ile. Pima gramu 12 kwa mililita 100. Vaa miwani ya kukinga macho, maana tone moja la nitrati ya fedha jichoni ni msiba, na vidoleni huacha weusi wa wiki nzima.

Wingu lile ulilolikuta kwenye chupa ndilo tunalolitaka, ila tunalitaka ndani ya karatasi. Ndiyo siri yote ya picha ya chumvi. Unailoweka karatasi katika maji yenye chumvi, gramu 2 kwa mililita 100 (natumia chumvi isiyotiwa madini joto), unaianika, kisha unapaka fedha kwenye mwanga hafifu wa balbu ya njano. Kloridi ya fedha inazaliwa humo humo kati ya nyuzi, nayo jua likiipiga hugeuka kahawia mbele ya macho yako. Iache ikolee kupita unavyotaka, kwa maana itapungua.

Baada ya jua, isuuze kwanza kwa maji ya kawaida. Maji yatakuwa maziwa tena. Hiyo ni fedha iliyobaki bure. Mwaga, tia mengine, mpaka yasigeuke. Ndipo uingie kwenye hipo, yaani thiosalfeti ya sodiamu, dawa ya kuizuia picha isiendelee kuungua na mwanga, na hapo ndipo Fox Talbot, Mwingereza aliyeanza majaribio ya karatasi ya chumvi mwaka 1834, alipohangaika kama wewe. Picha alizipata, kipande kidogo cha dirisha la nyumba yake ya Lacock Abbey alichokipiga Agosti 1835 kipo hadi leo. Ugumu ulikuwa kuzizuia zisiendelee kuungua. Herschel, yule yule wa bluu, alikuwa ameona tangu 1819 kwamba hipo inayeyusha chumvi za fedha, na mwaka 1839 alimweleza. Tumia mabeseni mawili ya hipo, gramu 150 kwa lita, dakika nne kila moja. La kwanza hufanya kazi kubwa, la pili humalizia.

Sasa manjano yako. Hiyo ni hipo iliyobaki ndani ya karatasi, na jambo hili ninalijua kwa uchungu. Mwaka 1979 nilisafisha picha za harusi wakati wa sikukuu. Pipa lilikuwa limekauka, kisimani kuna foleni, watu wamejaa mlangoni. Nilizipitisha kwenye beseni moja la maji nikazianika. Zilitoka nzuri, kila mtu akafurahi. Baada ya miaka miwili mama mwenye harusi alirudi na albamu yake ameifunga ndani ya kanga. Uso wake kwenye picha ulikuwa umeingia manjano toka shavuni hadi kwenye ushungi, na maua mkononi hayaonekani. Hakunigombeza. Aliuliza tu kama inaweza kurudi. Haikuweza kurudi, na negativu zilikuwa zimeshaliwa na ukungu. Tangu siku ile sijamtolea mtu picha kwa kukisia kwamba imetakata.

Hiki ndicho kipimo changu, na nakuomba ukitumie. Nunua duka la dawa potasiamu pamanganeti, zile chembe za zambarau. Tia chembe moja au mbili kwenye chupa ya maji mpaka yawe waridi. Jaza bilauri mbili ndogo kwa maji hayo. Inua picha kutoka majini, ishike kwa pembe, acha matone kumi yaanguke kwenye bilauri ya kwanza. Kwenye ya pili dondosha matone kumi ya maji yako matupu. Ngoja dakika moja. Bilauri ya picha ikipauka na ya maji ikabaki waridi, hipo bado imo, rudisha picha kwenye maji. Kwangu, kwa maji yanayotiririka, huchukua kama saa nzima. Saa hiyo ni ndefu, najua, na maji ya Temeke ni ya kununua. Basi fanya picha mbili kwa siku badala ya kumi.

Shikamoo Bi Fundi. Niko Muscat. Bibi yangu alitoka Unguja mwaka 1964 na picha moja tu ameificha ndani ya nguo: mwanamume amekaa kitini, amevaa joho na jambia. Ni ya rangi ya kahawia, imebandikwa kwenye kadi ngumu, na kadi ina jina la Gomes, Zanzibar. Imefifia na ina manjano. Binamu yangu anasema tuisafishe kwa maji na sabuni kidogo. Tufanyeje?

Marahaba, mwanangu. Kurasa zote hizi nimesema maji, maji. Hapa nasema: maji yakae mbali kabisa.

Kwa maelezo yako naona hiyo ni picha ya ute wa yai. Njia hii ilitolewa na Mfaransa Blanquart-Evrard mwaka 1850, na kwa miaka 40 hivi iliyofuata ndiyo iliyotumika kwenye studio nyingi duniani. Ute wa mayai ulipigwa pamoja na chumvi, ukaachwa utulie, karatasi nyembamba ikaelea juu yake ikakauka, ndipo ikapakwa fedha. A. C. Gomes alikuwa mpiga picha wa asili ya Goa aliyekuwa na studio Zanzibar mwishoni mwa karne ya 19, na picha nyingi za Unguja ya enzi hizo zilitoka mkononi mwake na mwa mwanawe. Chukua kioo cha kukuzia, uitazame kwa mwanga wa ubavuni. Ukiona mng'ao mwembamba na nyufa ndogo ndogo kama tope la bwawa lililokauka, huo ndio ute. Manjano kwenye sehemu nyeupe ni ya ute huo huo kuzeeka, hakuna sabuni inayoyatoa. Ukiulowesha utavimba, nyufa zitapanuka, na karatasi, ambayo ilibandikwa kwenye kadi kwa sababu peke yake hujikunja, itaanza kubanduka.

Isiwekewe plastiki ya moto, isibandikwe gundi, isitundikwe ukutani penye jua. Ifunge ndani ya karatasi safi isiyo na asidi, uiweke kwenye boksi, ndani ya kabati la chumba mnacholala na si stoo ya juu yenye joto. Kabla ya kuifunga ipigie picha karibu na dirisha, kivulini, bila flashi, kamera ikiwa imenyooka juu yake. Nakala hiyo ifanye negativu kama nilivyomweleza kijana wa Morogoro, kisha unaweza kuichapa kwa chumvi, ukaiosha utakavyo, ukawapa ndugu zako wote.

Ila hayo yanaweza kungoja wiki ijayo. Leo jioni keti na bibi, umshikishe picha kwa kingo zake. Mwulize huyo aliyekaa ni nani kwake, joho lilikuwa la nani, na nani alimpa yeye picha hiyo. Andika kwa penseli kwenye karatasi ya pembeni. Kadi yenyewe iache na maandishi yake ya zamani tu.